Makadirio ya ikama na mafunzo kwa zana mpya za kijeshi

Makadirio ya ikama na mafunzo kwa zana mpya za kijeshi ni kazi ya kupanga mapema ni watu wangapi, wenye sifa gani na waliofundishwa kwa muda gani, watakaohitajika ili silaha, gari, chombo cha majini au ndege ambayo jeshi linakusudia kuipata iweze kutumika, kutunzwa na kutengenezwa. Kazi hiyo hufanyika kabla ya zana kununuliwa, kwa sababu kumfundisha fundi au rubani mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kuisafirisha zana yenyewe.

Historia ya pwani ya kaskazini ya Tanzania, hasa Pangani na Tanga, ina mifano inayoeleza vizuri jambo hili, ingawa wakati huo halikuwa na jina wala utaratibu maalumu.

## Maana

Neno *ikama* hutumika katika utumishi wa umma nchini Tanzania kwa maana ya idadi ya watumishi wanaotakiwa katika ofisi, shule au hospitali kulingana na kazi zake. Jeshini maana yake ni ileile: idadi ya nafasi ambazo kikosi kinapaswa kuwa nazo kwa kila cheo na kila fani.

Makadirio kamili hujibu maswali matatu tofauti:

* Idadi: ni nafasi ngapi zitakazohitajika kuiendesha zana, kuitengeneza, kuihifadhi na kuisimamia?
* Sifa: watu wa kujaza nafasi hizo wawe na elimu gani, afya gani na uzoefu gani kabla ya kuanza mafunzo?
* Mafunzo: wafundishwe nini, wapi, kwa muda gani, na nani, na warudie mazoezi kila baada ya muda gani?

Maswali haya hayahusu jeshi peke yake. Kivuko kinachovusha watu na magari kati ya Pangani mjini na Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, kinahitaji nahodha, fundi wa injini, mabaharia wa kufunga kamba na kupanga magari, na mkatisha tiketi. Kikitoa huduma kuanzia alfajiri hadi usiku, timu moja haitoshi. Lazima ziwepo zamu. Fundi akiwa likizo bila mwingine wa kushika nafasi yake, kivuko kizima kinaweza kusimama ikiharibika pampu moja tu. Kifaru, rada au meli ya doria ina mahitaji ya namna hiyo, ila ujuzi wake ni mgumu zaidi na gharama ya kukosea ni kubwa zaidi.

## Mifano ya kihistoria katika pwani ya kaskazini

### Pangani, 1889

Mwaka 1888 watu wa Pangani walipinga hatua ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ya kuchukua utawala wa mji, iliyosimamiwa na wakala wake Emil von Zelewski. Upinzani huo, ulioongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, ulienea pwani na kampuni ikapoteza karibu vituo vyake vyote. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann kuurejesha utawala huo kwa nguvu.

Wissmann alikuwa na fedha za kununua bunduki na mizinga, lakini hakuwa na askari wa kuitumia. Kuwafundisha vijana wasiowahi kuwa jeshini kungechukua miezi mingi. Kwa hiyo aliajiri Wasudani wapatao 600 mjini Cairo, wengi wao wakiwa wamekwisha kutumikia jeshi la Misri, akaongeza watu kutoka Msumbiji. Wasudani walifika wakijua nidhamu ya kijeshi na matumizi ya bunduki; kilichobaki ni kuwazoesha silaha na maafisa wapya. Kikosi hicho kilishambulia kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889, kikaingia Pangani tarehe 8 Julai na Tanga siku chache baadaye. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Katika lugha ya makadirio, Wissmann alichagua kuajiri watu wenye ujuzi tayari badala ya kufundisha wapya. Njia hiyo huokoa muda, lakini hufanya jeshi litegemee watu wa mbali ambao si rahisi kuwapata tena wanapopungua. Alama ya uamuzi huo ilibaki kwa muda mrefu: vyeo vya askari Waafrika katika jeshi la kikoloni la Ujerumani, kama vile ombasha, shaushi na efendi, vilitoka katika jeshi la Misri lililofuata mtindo wa Kituruki.

### Tanga, 1914

Tarehe 2 Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Waingereza kutoka India chenye watu wapatao 8,000 kilianza kushuka Tanga, upande wa Ras Kasone, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Hata hivyo Waingereza walishindwa na kurudi melini tarehe 5 Novemba.

Sababu za kushindwa huko zilikuwa nyingi: safari ndefu ya bahari iliyowachosha askari, upelelezi hafifu, kucheleweshwa kwa shambulio baada ya wenyeji wa mji kuonywa, na uongozi mbaya. Moja ya sababu hizo inahusu mada hii moja kwa moja. Baadhi ya vikosi kutoka India vilikuwa vimepewa bunduki mpya za Lee-Enfield karibu sana na siku ya kusafiri, bila muda wa kutosha wa kuzizoea. Kwenye daftari la ghala vilikuwa na silaha bora. Shambani, ndani ya mashamba ya mkonge na minazi, vilikuwa na silaha ngeni.

Askari wa upande wa pili walikuwa katika hali ya kinyume. Wengi wao walitumia bunduki za zamani za muundo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito ulioonyesha mahali mpigaji alipo. Lakini walizijua bunduki hizo kwa miaka, na wapigaji wa bunduki za rashasha walikuwa wamefanya mazoezi pamoja katika kampuni zao.

Waingereza waliacha nyuma bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, bunduki 16 za rashasha na risasi 600,000. Kwa jeshi lililokuwa limezingirwa bila njia ya kuletewa mahitaji, hiyo ilikuwa neema kubwa. Iliweza kutumika mara moja kwa sababu wapigaji na mafundi waliofundishwa walikuwepo tayari. Silaha pekee ndizo zilizokuwa zimepungua.

### Mizinga ya Königsberg na wapagazi

Mfano wa tatu ulianzia kusini zaidi, katika delta ya Mto Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilishambuliwa humo na kuharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam, ambako karakana ziliitengenezea magurudumu ili itumike nchi kavu. Mabaharia wa meli hiyo walijiunga na jeshi la nchi kavu, na baadhi yao wakaendelea kuihudumia mizinga hiyo. Mzinga mmoja wa meli hiyo unaonekana hadi leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Kwa upande wa ujuzi, hali ilikuwa nzuri: zana ilihama pamoja na watu wake. Lakini mzinga wa meli haukubuniwa kuvutwa porini. Baharini ulibebwa na meli. Nchi kavu, penye mbung'o waliowaua ng'ombe na farasi, ulivutwa na mamia ya watu. Nafasi hizo hazikuwemo katika ikama ya manowari.

Jambo hilo lilitokea pande zote mbili za vita kwa kiwango kikubwa sana. Kila bunduki ya rashasha ilihitaji watu wa kubeba risasi zake, na wabebaji hao walihitaji wengine wa kuwabebea chakula. Wapagazi walizidi askari kwa mbali, na makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichokuwa na kambi mahali hapo. Hapo ndipo uzito wa makadirio mabaya unapoonekana: watu wasiohesabiwa mwanzoni hawakuandaliwa chakula cha kutosha, dawa wala nguo, nao ndio waliolipa kwa maisha yao.

## Hatua za kukadiria

Ingawa kila jeshi lina taratibu zake, kazi hii kwa kawaida hupitia hatua zifuatazo.

1. Kuorodhesha kazi. Kila kazi inayohusu zana huandikwa: kuendesha, kulenga, kuwasiliana, kujaza mafuta, kukagua, kutengeneza, kutunza risasi na vipuri, kulinda usiku.
2. Kulinganisha na zana inayofanana. Kama zana mpya haijawahi kutumika nchini, huchukuliwa takwimu za zana ya zamani iliyo karibu nayo, au za nchi nyingine inayoitumia, kisha hurekebishwa kwa tofauti zinazojulikana.
3. Kupima mzigo wa kazi. Saa za kazi kwa wiki hugawanywa kwa saa ambazo mtu mmoja hufanya kazi hiyo kweli, baada ya kuondoa gwaride, ulinzi, masomo na usafi.
4. Kuongeza akiba. Likizo, ugonjwa na masomo hupunguza idadi ya watu walio kazini siku yoyote.
5. Kupanga mafunzo. Huhesabiwa wanafunzi, wakufunzi, madarasa, mafuta na risasi za mazoezi, pamoja na wanafunzi watakaoshindwa.
6. Kupanga uingizaji wa kila mwaka. Watu hustaafu, hupandishwa vyeo au huacha kazi, hivyo lazima wengine wafundishwe kila mwaka kwa muda wote ambao zana itatumika.

### Mfano wa hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za kubuni kwa ajili ya kuonyesha njia. Tuseme jeshi linataka kununua magari 12 ya kivita, kila moja likiwa na watu 3: kamanda wa gari, dereva na mpiga mzinga.

* Viti vya kujaza ni 12 × 3 = 36.
* Kama asilimia 10 ya watu huwa hawapo kazini wakati wowote, zinahitajika nafasi 36 ÷ 0.9 = 40.
* Kama asilimia 20 ya wanaoanza kozi hawafaulu, lazima waanze wanafunzi 40 ÷ 0.8 = 50.
* Kama kila gari linahitaji saa 10 za ufundi kwa wiki, jumla ni saa 120. Fundi mmoja akipata saa 24 za karakana kwa wiki, wanahitajika mafundi 5. Ukiweka akiba ya asilimia 10, wanakuwa 6.
* Kama mtu hubaki katika nafasi hiyo kwa wastani wa miaka 4, watu 10 huondoka kila mwaka. Kwa kiwango kilekile cha kufaulu, lazima waingie kozi 10 ÷ 0.8 = 12.5, yaani wanafunzi 13 kila mwaka.

Sasa huongezwa muda. Tuseme wakufunzi 5 wanatumwa nje kwa kozi ya miezi 8, na wakirudi kila mmoja anaweza kufundisha watu 5 kwa wakati mmoja katika kozi ya miezi 6. Wanafunzi 50 watalazimika kugawanywa katika makundi mawili ya watu 25. Kundi la kwanza litamaliza mwezi wa 14 na la pili mwezi wa 20. Kama magari yote yatafika mwezi wa 10, nusu yake hivi haitakuwa na watu wa kuyaendesha kwa miezi 10, huku muda wa dhamana ya mtengenezaji ukiendelea kuhesabiwa.

Suluhisho haliko katika hesabu yenyewe bali katika uamuzi unaofanywa baada ya kuiona. Jeshi linaweza kuwatuma wakufunzi kabla magari hayajasafirishwa, kuongeza idadi yao, au kukubaliana na muuzaji kwamba magari yafike kwa mafungu mawili.

## Tanzania baada ya uhuru

Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles yaliyoanza tarehe 20 Januari 1964 katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, serikali ya Rais Julius Nyerere ililivunja jeshi hilo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na Mirisho Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Jeshi jipya lilikuwa na maafisa wachache wazalendo na karibu halikuwa na marubani wala mafundi wa ndege, kwa hiyo swali la nani atafundisha lilikuwa zito sawa na swali la nani atauza silaha.

Ujerumani Magharibi ilianza kusaidia kuunda kikosi cha anga, lakini iliwaondoa wakufunzi wake mwaka 1965 kutokana na mgogoro kuhusu uhusiano wa Tanzania na Ujerumani Mashariki. Kanada ilichukua jukumu la kufundisha jeshi kwa miaka mitano hadi mwaka 1970, ikiwa ni pamoja na marubani na mafundi wa ndege za uchukuzi za Otter na Caribou. Baadaye China ikawa mshirika mkuu wa silaha na mafunzo, na JWTZ likapata vifaru vya aina ya Type 59 na ndege za kivita.

Mabadiliko hayo yanaonyesha kwamba mafunzo yanayotegemea nchi moja ya nje yanaweza kukatika kwa sababu za kisiasa, hata kama zana zenyewe ni nzima. Yanaonyesha pia kwamba kila anapobadilika msambazaji, hubadilika lugha ya vitabu vya maelekezo, vipimo vya vipuri na mazoea ya karakana. Ujuzi wa fundi wa Caribou haupotei, lakini haumtoshi kutengeneza ndege ya kivita ya Kichina.

Wakati wa Vita vya Kagera vya 1978–1979, JWTZ liliongezwa kwa haraka kwa kutumia mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza. Iliwezekana kuongeza askari wa miguu ndani ya miezi michache kwa sababu maelfu ya wananchi walikuwa wamekwisha kupata mafunzo ya msingi. Haikuwezekana kuongeza marubani au mafundi wa vifaru kwa kasi hiyohiyo. Kwa hiyo makadirio hutofautisha nafasi zinazoweza kujazwa kwa wiki chache na zile zinazohitaji miaka.

## Utaratibu rasmi katika nchi nyingine

Nchini Marekani, Jeshi la Wanamaji lilianzisha katika miaka ya 1970 mpango ulioitwa HARDMAN, uliokadiria mahitaji ya watu kwa kulinganisha zana mpya na zile zilizotangulia. Katika miaka ya 1980 Jeshi la Nchi Kavu lilianzisha mpango wa MANPRINT, uliounganisha mambo sita: idadi ya watu, sifa zao, mafunzo, ulinganifu wa zana na mwili na akili ya mtumiaji, usalama, na hatari kwa afya. Lengo lilikuwa kuwafanya wabunifu wamfikirie askari mapema, badala ya kumtafuta askari atakayeweza kuvumilia zana iliyokwisha kutengenezwa.

Ubunifu wa zana unaweza kubadilisha ikama moja kwa moja. Kifaru cha Kirusi cha T-72 kina watu 3 kwa sababu mtambo hupakia makombora, ilhali M1 Abrams cha Marekani kina watu 4, mmoja akiwa mpakiaji. Nafasi moja inayopunguzwa haiondoi kazi zote za mtu huyo. Mtambo wa kupakia unahitaji fundi wake, na mnyororo wa kifaru unapokatika, watu watatu hufanya kazi ya wanne.

## Makosa ya kawaida

* Kuhesabu viti tu. Mafundi, watunza ghala, madereva wa mafuta na wakufunzi husahaulika. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala (29 Aprili 2009) na Gongo la Mboto (16 Februari 2011), iliyoua watu zaidi ya 20 katika kila tukio, inakumbusha kwamba silaha hudai uangalizi hata isipotumika.
* Kuamini tarakimu za muuzaji pekee. Muuzaji hutoa makadirio ya hali nzuri. Joto, vumbi na chumvi ya pwani huongeza kazi ya karakana.
* Kuwafundisha watu mara moja tu. Kundi la kwanza likihamishwa au kustaafu, ujuzi huondoka nalo kama hakuna kozi ya kudumu nchini.
* Kuchukua mafundi wa zana ya zamani. Nafasi mpya hujazwa haraka, lakini zana ya zamani ambayo bado inahitajika hubaki bila mtu.
* Kukata bajeti ya mafunzo kwanza. Fedha zinapopungua, ni rahisi kufuta kozi kuliko kurudisha gari moja, ingawa gari lisilo na watu waliofundishwa haliongezi nguvu yoyote.

## Umuhimu kwa nchi zinazonunua zana

Nchi inayotengeneza zana zake ina viwanda na vyuo vinavyozijua tangu zinapobuniwa. Nchi inayonunua huanza bila ujuzi huo, na ujuzi wote lazima ununuliwe au ujengwe. Ndiyo maana mkataba mzuri hutaja, pamoja na bei ya zana, idadi ya wakufunzi watakaoandaliwa, lugha ya vitabu, vipuri vya mafunzo na muda ambao wataalamu wa muuzaji watabaki.

Kwa mwananchi wa kawaida, makadirio haya ni njia ya kupima matumizi ya fedha za umma. Taarifa ya ununuzi wa boti ya doria, helikopta au mtambo wa hospitali hueleza kwa kawaida idadi na bei. Ili kujua kama ununuzi huo utafaa, huhitajika tarakimu tatu zaidi: watu wangapi wamekwisha kufundishwa kuuendesha, wangapi wanaweza kuutengeneza, na wangapi wataingia mafunzoni mwaka unaofuata.